Ukurasa wa Pili

Tarehe 6 Januari

Mdogo wangu Sisimizi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini natanguliza ili tusipoteze muda. Sisi huku hatujambo. Binti yangu amemaliza mitihani na sasa analala mpaka saa nne asubuhi. Shemeji yako aling'ang'ania kupaka rangi jikoni kwa mkono wake, kopo likaisha ukuta ukiwa nusu, hamu nayo ikamwisha, kwa hiyo tunapika kwenye jiko la rangi mbili. Shangazi magoti yanamsumbua, ila ulimi uko salama kabisa.

Ulimi huo ndio ulioniletea habari zako. Kumbe una kidonda kwenye kidole cha mguu. Kumbe toroli la magunia ya unga lilikupita juu ya kiatu na hukusikia chochote, mpaka ulipovua soksi ukakuta damu. Kumbe daktari wa kliniki amekupa hadi mwisho wa Mei: sukari ishuke na kidonda kifunge, la sivyo mguu ukatwe. Haya yote nayasikia kwa shangazi. Wewe wiki iliyopita tu ulinipigia simu tukazungumza kuhusu mvua.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatia kila nikipandisha sauti. Barua huwezi kuikatia.

Sitakukumbusha habari za baba. Ni wewe uliyekuwa ukimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mimi nilikuwa mbali nasoma. Unajua kuliko mimi kwamba yeye naye alianza na kidole.

Sasa tulia nikufundishe, maana ndiyo kazi yangu na hukuwahi kukaa darasani kwangu. Huwa unaniambia kwamba ukisimama kazini mbele ya bakuli la krimu ya keki mkono unakwenda wenyewe. Nakuamini. Fikiria watu wa zamani sana, kabla ya jembe na kabla ya chungu. Kitu kitamu walikipata kwa nadra: tunda lililoiva, au asali kwa aliyeweza kuvumilia nyuki. Utamu ulikuwa nguvu, na nguvu ilikuwa kuiona kesho. Aliyekuta mzinga akalamba kidole kimoja na kusema ahsante, nimetosheka, kiangazi kilimkuta hana akiba mwilini, na watoto wake hawakuzaliwa. Aliyelamba mpaka kwenye kiwiko alibaki, akazaa, na watoto wakarithi ulimi wake. Ikawa hivyo kizazi baada ya kizazi, maelfu kwa maelfu, mpaka tukafika mimi na wewe. Sisi ni wajukuu wa walafi, mdogo wangu. Wenye kiasi walikufa na kiasi chao.

Mwili wako haujaambiwa kwamba njaa ile imekwisha na kwamba siku hizi sukari inashushwa kwa lori kwenye mlango wa nyuma. Ukiona bakuli, mwili unaona mzinga, na unakuhimiza ule leo kwa sababu kesho hakuna. Kwa hiyo acha kuona aibu. Hukuumbwa vibaya. Tamaa hiyo ni ya zamani kuliko wewe, na ni kubwa kuliko wewe.

Geuza.

*Ukurasa wa pili*

Usifurahi mapema. Watu hao hao wa zamani walijua pia kusubiri. Aliyemvizia mnyama alikaa kimya tangu asubuhi huku tumbo linanguruma. Aliyekuwa na watoto aliwabakizia na yeye hajashiba. Breki nazo tumerithi, tatizo ni kwamba injini ni ya lori na breki ni za baiskeli. Kwa hiyo usipimane ubavu na tamaa. Usijaribu kupigana na krimu ukiwa umeishika. Mtu aliyeshika krimu ameshashindwa. Pigana nayo kabla hujafika mezani.

Nenda kwa bosi wako umwombe akutoe kwenye meza ya keki, akupeleke kwenye tanuri la mikate. Kule ni unga, chumvi na moto. Najua mikono yako inasifika kwa mapambo, na najua ninachokuomba ni kikubwa. Nimekueleza tamaa inatoka wapi ili uizibie njia. Asije mtu akakwambia kwamba maelezo hayo ni ruhusa.

Nijibu kuhusu jambo hili moja tu, hata kwa mstari mmoja.

Dada yako


Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Hapa kwetu tu wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema kile kitambaa ulichomtumia kimetoa gauni na bado kuna kipande. Mapacha wametimiza miaka tisa na ugomvi ni ule ule, nani mkubwa kwa dakika sita. Paa la chumba cha nyuma linavuja, nimeweka ndoo, wao wanasema ni bomba la kuogea.

Dada, barua yako imenitoa machozi. Miaka yote hii najiona mtu ovyo, mtu asiye na msimamo, kumbe mwenzenu ninabeba mzigo wa mababu! Nimeipeleka kazini. Nimeibandika ukutani juu ya meza ya keki, pale nilipokuwa nimebandika ratiba. Wenzangu wote wameisoma. Wanaiita Cheti. Mtu akichovya kidole kwenye bakuli anageuka kwanza ukutani, anainamisha kichwa, anasema "kwa heshima ya wazee," halafu analamba. Hata bosi wetu, yule tunayemwita Chachu kwa jinsi anavyopanda haraka, alisoma akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kwa hiyo ujue una wanafunzi huku.

Kidonda kinaendelea vizuri, shangazi anatia chumvi kama kawaida yake. Kinakauka kauka. Na kuhusu sukari usiwe na wasiwasi, sili, ninaonja tu. Fundi wa keki asipoonja atajuaje? Naonja kijiko kimoja kwa kila bakuli, kwa siku mabakuli ni kama kumi na nne hivi, na vijiko vyetu ni vidogo.

Wiki hii nimetengeneza keki ya harusi ya ghorofa tano. Maua mia mbili ya sukari, kila ua kwa mkono. Bibi harusi alilia. Ningekutumia picha lakini simu imeingia unga.

Msalimie shemeji, mwambie ukuta wa rangi mbili ndio mtindo.

Mdogo wako,
Sisimizi


Tarehe 17 Februari

Sisimizi,

Marahaba. Shemeji yako amepata salamu. Binti amepata nafasi ya kusomea uuguzi, mshukuru Mungu. Mimi niko nyumbani kwa siku chache, napumzika.

Barua yako nimeisoma. Naandika baada ya siku tano na bado sijatulia, kwa hiyo vumilia au usivumilie, shauri yako.

Cheti? Umebandika barua yangu ukutani ikaitwa Cheti? Nilikaa siku mbili nikitafuta maneno ambayo hata mtu aliyeacha shule angeyaelewa, ili ujue nani anakuibia mguu wako. Nilikupa sura ya mwizi, ukamchongea ufunguo. Watu wazima mnainamia karatasi halafu mnalamba vidole. Na wewe ndiye mwenye kidonda, wenzako wanakwenda nyumbani na miguu yao yote miwili.

Na hiyo "ninaonja tu" inanipandisha kichaa. Nimekupigia hesabu, maana hisabati pia hufundisha nikiombwa. Vijiko kumi na vinne kwa siku, siku sita kwa wiki, ni vijiko themanini na vinne vya krimu. Kuonja ni kijiko kimoja, unatema, unajua. Kijiko cha pili unakuwa unakula. Neno "kuonja" umelifanya kanzu ya kuficha tumbo. Baba naye alikuwa "anaonja". Alikuwa anaonja chai ya wageni, anaonja soda ya mapacha wa jirani, akaonja mpaka akaingia kaburini akiwa na mguu mmoja. Wewe ulimfunga bandeji mwenyewe. Ulisahau vipi?

Tena kuna jambo. Barua yangu ilikuwa na kurasa mbili. Ulichonijibu chote kimetoka ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili nilikuomba jambo moja, ukaruka kama hukuliona. Ulipotea? Ulibaki kwenye bahasha? Au gundi ya krimu ilizibandika kurasa pamoja? Naomba unijibu bila kunizungusha.

Na unipe namba. Sitaki "vizuri", sitaki "kinakauka kauka". Muuguzi alipokupima sukari mara ya mwisho ilisoma ngapi? Kidonda kina upana gani? Una vidole vingapi?

Mimi si mwendawazimu kuuliza hilo la mwisho.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada,

Barua yako nimeipata, na kadi zako mbili za baada yake pia, ile ya pili haina salamu, ina alama za kuuliza tu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mafua. Naandika nimelala ndiyo maana mistari inapanda juu.

Mapacha wazima. Wifi yako mzima.

Sasa na mimi nina langu. Tangu nizaliwe umekuwa kiranja wangu. Ukisema kaa, nikae. Ukisema tema, niteme. Una shahada, una ubao, una watoto arobaini wanaosimama ukiingia mlangoni, na bado hawakutoshi, lazima na mimi nisimame. Hujui kazi yangu ni nini. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye meza ile. Watu wanakuja kutoka mitaa mingine wanasema tunamtaka yule wa maua. Hawasemi tunamtaka yule wa mikate. Mkate mtu anakula hata hajui nani kauoka. Wewe unaniambia niende kwenye tanuri kama mtu anayemwambia mtoto ahamie kiti kingine.

Na hiyo "napumzika" yako, dada? Shangazi ana ulimi kwa pande zote mbili. Ameniambia umesimamishwa kazi. Ameniambia ulimrushia mwanafunzi dasta ya mbao ukampasua juu ya jicho, akashonwa nyuzi nne. Nilisoma barua yako yote ya Februari nikitafuta hilo, hakuna. Kuna hesabu za vijiko vyangu tu. Kwa hiyo mimi nikishindwa na krimu ni mjinga, wewe ukishindwa na hasira ni nini? Wale mababu zako walikuachia nini wewe, kifutio?

Mimi angalau ninaumiza mguu wangu. Wewe umeumiza mtoto wa mtu.

Na acha kuniita Sisimizi. Nina miaka arobaini na moja. Jina lile lilinishika nikiwa na miaka saba kwa sababu ya ule mkebe wa sukari ambao mama aliuficha juu ya kabati. Sukari ikapungua, sisimizi wakaonekana wamepanga foleni kutoka kabatini mpaka kwenye godoro langu, basi, kesi ikaisha. Nilichapwa na nikasimamishwa sebuleni mbele ya wageni nikaambiwa nijitambulishe kwa jina jipya. Mimi mkebe ule sikuugusa, dada. Niliapa wakacheka. Baada ya mwezi nikaacha kuapa, nikaona kama nimeshapewa jina, basi na mimi nile. Siku niliyopanda kabati kwa mara ya kwanza ilikuwa baada ya kuchapwa, si kabla.

Nimechoka kuandika.

Mdogo wako


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Hukuniamkia, na sikulaumu.

Huku wote wazima. Binti yangu ndiye aliyesoma barua yako ya Machi kabla yangu, alidhani ni yake, akaniletea, akaniwekea chai pembeni.

Nianze na hasira kwanza maana ndiyo iliyo juu. Mtu halali wiki tatu kwa mafua. Shangazi nimembana mpaka akasema: vidole viwili, tarehe 8 Machi. Umelazwa, umekatwa, umeshonwa, na mimi ndugu yako wa tumbo moja naandikiwa mafua. Wakati natuma kadi zile za alama za kuuliza ulikuwa kwenye kitanda cha hospitali unazisoma. Nimepiga ngumi meza mpaka kikombe kikaanguka. Unadhani nilitaka nini, nije nikucheke? Ningekuja nikakaa tu pale chini ya kitanda. Umeninyima hilo, na sitasema si kitu.

Sasa la kwangu, maana umesema kweli na inauma zaidi kwa sababu ni wewe uliyeisema.

Barua yako ya Cheti niliipata asubuhi, tarehe 12 Februari, nikaisoma kwenye korido kabla ya kipindi cha tatu. Nikaingia darasani damu inachemka. Somo lilikuwa lile lile, mageuko ya viumbe, nimesimama ubaoni naandika, nikasikia karatasi inakwaruza. Nikageuka. Binti wa dawati la pili anamenya peremende. Anaitia mdomoni huku ananiangalia, wala si kwa kiburi, kwa kusahau tu. Dasta ilikuwa mkononi. Sikumwona yeye, nilikuona wewe. Nilipomwona tena alikuwa ameshika uso na damu inatoka kati ya vidole.

Unajua niliiambia nini kamati ya shule? Mwalimu mkuu aliniuliza ilikuwaje, nikamjibu: "Mkono ulikwenda wenyewe." Nikaisikia sauti yako imetoka mdomoni mwangu. Halafu nikaongeza maelezo, tena kwa ufasaha, jinsi mwili unavyopandwa na hasira, jinsi mtu wa zamani asiyerusha jiwe haraka alivyoliwa na chui. Wote wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Kamati nzima nikaitengenezea Cheti. Nikapewa miezi sita nyumbani badala ya kufukuzwa. Kwa mama wa yule binti sijakwenda mpaka leo. Nimefika kwenye mtaa wao mara mbili, nikanunua nyanya nikarudi.

Bado kuna moja. Nimeandika sentensi hii nikaichana mara nne, hii ni ya tano.

Mkebe ule niliufungua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilifika juu ya kabati kwa kusimama kwenye ndoo. Nilikaa kwenye godoro lako kwa sababu lilikuwa karibu na dirisha na ningesikia mama akiingia. Nililamba kiganja, kikaisha, nikarudi tena. Chembe zilizomwagika zilikuwa zangu. Asubuhi nilipowaona wale sisimizi kwenye shuka lako nilijua, na nilikuwa na nafasi ya kusema kabla mama hajachukua fimbo, na baada ya fimbo, na pale sebuleni mbele ya wageni. Nilicheka pamoja nao. Nadhani ni mimi niliyelitamka jina lile kwanza.

Kwa hiyo kila nikikupigia kelele kuhusu sukari, ujue kelele nyingine hazikuwa zako. Miaka thelathini na nne nakuchunga usile kitu nilichokubambikia mimi.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Mwisho wa Mei uko karibu, nakuomba mguu. Na ule ukurasa wa pili, kama ulipotea niambie nikuandikie mwingine.

Dada yako


Tarehe 4 Juni

Dada,

Shikamoo.

Mapacha wazima, wamehitimisha ugomvi wao, wamekubaliana kwamba mkubwa ni wa kwanza kuzaliwa siku za shule na wa pili siku za mapumziko. Wifi yako anakusalimu. Paa halivuji tena, nimepanda mwenyewe nikaliziba, nikashuka polepole.

Barua yako ya Aprili niliisoma nikatoka nje ya nyumba, nikaenda mpaka mwisho wa mtaa kwa gongo, nikarudi, nikaisoma tena. Nilikukasirikia mpaka meno yakauma. Nimeandika barua tatu ambazo hazikufaa kutumwa. Kwenye moja nilikuita majina ambayo hata Chachu hayajui. Mimi ndiye niliyesimama sebuleni pale, dada, na kaptura ya kubana, nikasema mbele ya watu "mimi ni Sisimizi". Ulikuwa umekaa kwenye mkono wa kiti cha baba. Nakuona hadi leo. Sijamaliza kukasirika na usiniharakishe. Itapoa ikipoa.

Lakini uliniuliza swali mara mbili nikalikwepa, na mtu uliyemdai ukweli naye akakupa huwezi kumkwepa tena. Ukurasa wa pili haukupotea. Wala krimu haikuubandika. Niliusoma siku ile ile, nimesimama mlangoni kwangu, kabla hata ya kuingia ndani. Niliuelewa neno kwa neno. Niliukunja mara nne nikautia kwenye mfuko wa aproni, na kesho yake nikabandika ukurasa wa kwanza ukutani. Wenzangu walidhani barua iko hivyo tu. Mimi nilijua imekatwa. Kila nilipochovya kijiko nilikuwa nausikia unakwaruza mfukoni. Ndiyo maana nilikuwa nasema kwa sauti, "kwa heshima ya wazee." Nilikuwa nafunika ule mkwaruzo.

Uliingia hospitali na mimi, mfukoni, siku niliyopungukiwa vidole. Umechakaa mikunjo lakini unasomeka.

Siku ya pili baada ya kupata barua yako ya mkebe nilikwenda kwa Chachu. Nilimkuta anapima unga. Nikamwambia nitoe kwenye meza ya keki. Akadhani ni utani, akanionyesha oda ya keki ya ghorofa nne. Nikatoa ile karatasi mfukoni nikampa. Akaisoma yote, ameinama, midomo inacheza. Akaniuliza, "Hii ilikuwa wapi siku zote?" Nikamwambia hapa. Hakucheka, akanionyesha tanuri kwa kidevu.

Kwa hiyo sasa mimi ni wa mikate. Nimekaa kwenye stuli kwa sababu ya mguu, naingiza na kutoa kwa ubao mrefu. Wa maua ni mwingine, kijana wa kike mwenye mkono mzuri, maua yake yanainama kidogo kushoto lakini atajifunza. Wateja wamekuja kuniulizia, wakaambiwa yuko nyuma. Wiki ya kwanza nililia, dada, nisikufiche. Harufu ya krimu inavuka ukuta, na mkono bado unatamani kwenda wenyewe. Ila kufika kule ni hatua ishirini na tatu kwa gongo, na mtu ana muda wa kufikiri kwenye hatua ishirini na tatu.

Umesema unataka namba. Januari sukari ilisoma kumi na tisa, nilikudanganya kwa kunyamaza. Ijumaa iliyopita, tarehe 31 Mei, imesoma tisa. Kidonda kimefunga. Vidole vya mguu huo ni vitatu. Daktari ameandika kwenye kadi "mguu ubaki", akapiga mstari chini ya "ubaki", akaniambia nirudi Agosti aone kama ninastahili huo mstari. Sijui kama ninastahili. Najua leo nimekwenda kazini kwa mguu huu na nimerudi nao.

Sasa zamu yako, na mimi sitakupigia kelele. Kwa yule mama uende. Usinunue nyanya. Gonga mlango, mwambie binti yake alimenya peremende na wewe ulikuwa na hasira na mtu mwingine. Usimweleze habari za chui.

Ndani ya bahasha nimekunja vitu viwili. Cha kwanza ni ukurasa wako wa kwanza, nimeubandua ukutani, una madoa ya mafuta, uhifadhi wewe maana mimi haunifai peke yake. Cha pili ni nakala ya ukurasa wa pili. Wa asili unabaki mfukoni mwangu. Nimenakili kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, nimebadilisha neno moja tu. Kila ulipoandika krimu, mimi nimeandika dasta. Isome: "Usijaribu kupigana na dasta ukiwa umeishika. Mtu aliyeshika dasta ameshashindwa." Ukirudi darasani, mpe mwanafunzi mmoja afute ubao, wewe fundisha mikono mitupu.

Na lile jina nakurudishia. Limekuwa kwangu miaka thelathini na nne, nimelitunza, halina sukari hata chembe.

Msalimie shemeji na binti.

Mimi mdogo wako. Wewe, Sisimizi, uwe mzima.